Muulize Fundi: Antivirusi imelimeza faili, programu imegoma

Mwezi huu barua zenu zina kilio kimoja: jana programu ilifunguka, leo haifunguki, na katikati ya jana na leo antivirusi imepita. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kwa asubuhi moja, na aliyeandika ameyaungama yote bila kubanwa. Barua za namna hiyo ndizo nizipendazo.

*Fundi, shikamoo. Mimi natunza hesabu za ofisi ndogo. Jumatatu nilifungua programu ya hesabu kama kawaida, kikatokea kidirisha kinachosema faili fulani la .dll halipo kwenye kompyuta. Nikaiondoa programu, nikaisakinisha upya. Ikafunguka. Nikainuka kufuata karatasi kwenye printa, kurudi nakuta imekufa tena. Nimerudia hivyo mara tatu. Mpwa wangu akalitafuta hilo faili la .dll mtandaoni, akalipakua na kulinakili kwenye folda ya programu. Sasa ujumbe umebadilika, unataja namba 0xc000007b. Baadaye ndipo nikaona pembeni pa skrini antivirusi imeandika kwamba imeondoa tishio, na jina la tishio linaishia na alama ya mshangao kisha herufi ml. Mpwa anasema tuizime antivirusi tumalize kazi. Mwisho wa mwezi umekaribia. Nifanyeje? — Mtunza hesabu*

Marahaba. Kwanza mpwa wako asiguse kibodi mpaka amalize kusoma ukurasa huu. Nia yake njema, lakini amekuongezea ugonjwa wa pili kabla wa kwanza haujajulikana.

Programu yako ni kundi la mafaili. Lile unalolibofya, la .exe, likiamka huwaita wenzake wa .dll kwa majina. Mmoja asipoitika, Windows hukatisha safari na kukuonyesha kidirisha ulichokiona. Wengine hupewa namba 0xc0000135, maana yake ni ile ile: nimeita, hakuna aliyeitika. Hiyo 0xc000007b ni habari nyingine. Faili lipo, lakini mwili wake sio uliotarajiwa, na mara nyingi ni .dll ya biti 64 iliyopewa programu ya biti 32, au kinyume chake. Mpwa ameleta mtu mwenye jina sahihi na sura ya mwingine. Lifuteni hilo faili. Na hizo tovuti zinazogawa .dll moja moja, zikimbieni. Hujui ni toleo gani, hujui limepita mikononi mwa nani, na programu halali huja na .dll zake ndani ya kisakinishi chake yenyewe.

Kwa nini kusakinisha upya hakukufaa? Kwa sababu aliyelichukua faili bado amekaa mlangoni. Antivirusi hulitazama faili linapoandikwa kwenye diski, na hulitazama tena linapofunguliwa. Wakati mwingine hutoa hukumu papo hapo, wakati mwingine huchelewa kidogo. Kwako ilichelewa kwa muda wa kwenda na kurudi kwenye printa. Ungesakinisha mara ishirini, mara ishirini lingechukuliwa.

Habari njema ni kwamba, kwa kawaida, faili lililotiwa karantini halijafutwa. Antivirusi hulihamishia kwenye folda yake iliyofungwa, hulisimba ili lisiweze kuendeshwa hata kwa bahati mbaya, kisha huandika mahali lilipotoka ili ikibidi lirudi pale pale. Lakini karantini huwa ina kikomo cha siku kulingana na mipangilio, na ina kitufe cha kufuta kilicho jirani mno na kitufe cha kurejesha. Kwa hiyo usibofye kwa hasira.

Sasa fanya hivi. Kabla ya jambo lolote, nakili mafaili ya hesabu zenyewe, yaani data na si programu, uyaweke kwenye diski ya nje. Umeiondoa programu mara tatu bila kufanya hivyo, na niliposoma mstari huo moyo ulinidunda. Programu nyingine zikiondolewa huacha data, nyingine huifagia pamoja nazo.

Halafu nenda kwenye kumbukumbu za antivirusi. Kama unatumia ile ya Windows yenyewe, fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi na vitisho, utafute "Protection history". Andika kwenye karatasi vitu vitatu: jina la tishio, njia kamili ya faili mpaka herufi ya mwisho, na saa lilipochukuliwa. Kama orodha hiyo ni tupu, jambo ambalo hutokea, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, ingia C:\Program Files\Windows Defender, uandike MpCmdRun.exe -Restore -ListAll. Usiogope neno Restore; ukiliunganisha na ListAll inaorodhesha tu, hairejeshi kitu.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa faili lilichukuliwa Ijumaa jioni na programu ilifanya kazi vizuri Jumamosi, unamshitaki asiyehusika. Nimeona watu wakirejesha kitu hatari kwa ajili ya programu ambayo kumbe iliharibiwa na sasisho lake yenyewe.

Sasa jina. Watu wengi huliruka kama vile limeandikwa kwa lugha ya majini, na ndilo lenye maelezo. Chukua mfano wa Trojan:Win32/Wacatac.B!ml. Neno la kwanza ni aina ya kosa (Trojan, au trojani, ni programu mbaya iliyojivika sura ya njema), la pili ni mfumo, la tatu ni ukoo, kisha tawi la ukoo, na mwishoni kuna kiambishi. Hiyo ml uliyoiona ni kifupi cha machine learning, yaani mashine kujifunza: modeli imelilinganisha faili lako na mamilioni ya mengine ikasema linafanana na wabaya. Ni kisio. Mara nyingi kisio hupatia, ila kikikosea huwaumiza hasa watumiaji wa programu zisizo na watu wengi, kama yako ya hesabu, kwa kuwa modeli haijaziona mara nyingi. Majina yenye Generic, Gen au Heur nayo ni ya kukisia. PUA ni programu isiyotakiwa. Huwa kero zaidi kuliko mwizi. Lakini ukikuta Sality, Virut au Ramnit, simama. Hivyo ni virusi vya ukoo wa kale, vinavyojidunga ndani ya mafaili halali. Hapo faili ni la programu yako kweli, na limeambukizwa kweli. Halirejeshwi. Kompyuta husafishwa yote, ndipo programu ikasakinishwa kutoka kwenye kisakinishi kisafi.

Kisio hicho kuhusu faili lako ni sahihi au si sahihi? Hapa mpwa wako ana jibu tayari: programu imevunjika, kwa hiyo antivirusi imekosea. Hoja hiyo haina miguu. Programu kuvunjika kunathibitisha tu kwamba ililihitaji faili hilo.

Ni kweli antivirusi hukosea, na hukosea vibaya. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa sasisho namba 5958, likalitazama svchost.exe, faili ambalo Windows haiwezi kuishi bila hilo, na kuliita kirusi W32/Wecorl.a. Kompyuta za Windows XP zenye Service Pack 3 zikaanza kujizima na kujiwasha, nyingi zikapoteza mtandao, na hivyo hata dawa haikuweza kuzifikia kwa njia ya kawaida. Mafundi walilazimika kuzunguka mashine moja moja.

Ila weka pembeni yake kisa cha Machi 2023. Watumiaji wa 3CX, programu ya kupigia simu kwa kompyuta, waliona antivirusi zao zikiilalamikia. Wengi waliona ni kengele ya uongo, na sababu zao ni zile zile ambazo mimi na wewe tungezitoa: kampuni inajulikana, faili limetiwa saini ya kampuni, limeletwa na sasisho rasmi. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba wavamizi walikuwa wameingia ndani ya kampuni yenyewe na kupandikiza msimbo wao katika ffmpeg.dll, faili lililosafiri pamoja na programu. Antivirusi ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana sikuambii "rejesha tu" kwa barua, bila kuona.

Fuata mtiririko huu. Isasishe antivirusi kwanza, kwa sababu inawezekana waliokosea wamekwisha kujisahihisha asubuhi ile ile. Kisha pakua kisakinishi kipya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, usichukue kile kilichokaa kwenye flashi ya ofisi tangu enzi. Bofya kulia juu yake, fungua sifa zake, utazame sehemu ya saini za kidijitali: ina jina la mtengenezaji, na Windows inasema saini ni halali? Saini haitoshi, kama 3CX ilivyotufunza, lakini saini iliyovunjika au isiyokuwepo mahali ilipozoea kuwepo inatosha kukuzuia.

Halafu kipeleke kisakinishi VirusTotal, huduma inayomilikiwa na Google tangu 2012, ambako faili moja hupimwa na antivirusi kama 70 kwa mpigo. Mbili au tatu zikilalamika, tena kwa majina ya kukisia, na zilizobaki zimenyamaza, kuna uwezekano mkubwa ni kosa. Ishirini zikilalamika na kutaja ukoo mmoja, funga mjadala. Ila usipandishe huko mafaili ya hesabu za ofisi. Kinachopandishwa pale huweza kupakuliwa na watafiti wengine. Kwa faili usilotaka kulitoa, chukua alama yake ya vidole kwa amri ya Get-FileHash kwenye PowerShell, utapata mlolongo wa herufi na tarakimu 64, uutafute huo tu.

Mwisho, mwandikie mtengenezaji wa programu. Mpe jina la tishio na toleo la programu. Kama ni kosa, hukuanza wewe kulalamika, na atakuwa na jibu.

Vyote vikiafikiana, rejesha faili hilo moja. Moja. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado na haraka ya ujana, niliingia kwenye karantini ya ofisi moja kutafuta faili moja la programu ya mishahara. Orodha ilikuwa ndefu, mkurugenzi amesimama nyuma yangu akitazama saa, nikabofya kitufe cha kurejesha vyote. Faili la mishahara lilirudi. Na wafungwa wengine wote wa miaka miwili nao wakarudi, kila mmoja kwenye folda yake ya zamani. Nililala ofisini humo siku mbili, na mishahara ilichelewa vilevile.

Baada ya kurejesha, programu ikifunguka, liweke faili hilo kwenye orodha ya visivyokaguliwa, kwa njia yake kamili. Usiweke folda nzima ya programu kama unaweza kuikwepa, na kamwe usiweke folda ya vilivyopakuliwa, folda ya Temp wala diski nzima ya C. Andika tarehe mahali, na baada ya wiki moja au mbili lifute kwenye orodha uone kama antivirusi bado inalilalamikia. Ruhusa ya muda ina tabia ya kuzeeka na kuwa mwanya. Programu isipofunguka hata baada ya faili kurudi, inawezekana antivirusi iliondoa pia maandishi yake kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio. Hapo sakinisha upya, safari hii ukijua kwamba mlinzi hatalichukua tena.

Kuzima antivirusi kabisa, mpwa wangu, ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

*Habari Fundi. Nimepakua programu ya kuhariri video pamoja na kifaa kidogo cha kuifungua bila leseni. Antivirusi imekichukua hicho kifaa na sasa programu inaniomba namba ya leseni. Jina ni HackTool. Najua si virusi, ni kawaida kwa vitu hivi. Nawezaje kuifanya antivirusi ikiache? — Mwanafunzi*

Mwanafunzi, umesema "najua". Unajuaje? HackTool ni jina la kazi ya kitu hicho, na antivirusi imeeleza kazi yake kwa usahihi. Kama ndani yake mna kazi ya pili, jina hilo halikwambii. Aliyekitengeneza anafahamu kwamba wewe utaizima antivirusi kwa hiari yako, utakipa mamlaka ya msimamizi kwa hiari yako, na ukilizwa hutakuwa na wa kumlalamikia. Mwizi wa manenosiri angeomba mazingira gani bora kuliko hayo? Sikusaidii katika hili. DaVinci Resolve ina toleo la bure, Kdenlive na Shotcut ni za bure moja kwa moja, na zote tatu zinakata video vizuri.

*Kaka Fundi, salaam. Wiki mbili zilizopita antivirusi iliondoa trojani kwenye kompyuta yangu. Nashukuru. Ila tangu siku hiyo kila nikiwasha kinatokea kidirisha cha RunDLL, kinasema kuna tatizo la kuanzisha faili lililo kwenye AppData\Roaming, na moduli haikupatikana. Jina la faili ni herufi zisizo na maana. Nadhani antivirusi imechukua kitu cha Windows. Nilirejeshe? — Msomaji wa siku nyingi*

Msomaji wa siku nyingi ungekwisha kujua kwamba mimi ni dada, tena nina wajukuu wawili. Tuendelee.

Usilirejeshe! Windows haiweki mafaili yake muhimu kwenye AppData\Roaming, tena yenye majina kama ya mtoto aliyekanyaga kibodi. Kilichovunjika hapo ni programu hasidi yenyewe. Antivirusi imeuchukua mwili, lakini agizo la "kila asubuhi mwamshe fulani" limebaki kwenye orodha ya vianzavyo au kwenye kazi zilizoratibiwa. Windows inatii, inakwenda kugonga mlango, inakuta chumba ni kitupu, inakuja kukuambia.

Chukua Autoruns, ya Microsoft wenyewe, katika kundi la Sysinternals. Iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi. Itakuonyesha kila kinachoanza na kompyuta yako, na vile ambavyo faili lake halipo huwa na rangi ya njano. Tafuta njia ile ile iliyoandikwa kwenye kidirisha. Ondoa tiki kwanza bila kufuta, washa upya, uone kama kidirisha kimekoma. Kikikoma ndipo ufute. Usifagie kila cha njano ulichokiona. Baadhi ni mabaki halali yasiyodhuru mtu.

Nikupe na dalili nyingine za aina hii, kwani wengi huja kwangu wakidhani ni antivirusi iliyowaharibia. Mtandao umekatika baada ya usafishaji, lakini alama ya Wi-Fi ni nzima: tazama mipangilio ya proksi, yaani mpatanishi ambaye mawasiliano yako ya mtandao hupitia kwake. Kuna programu hasidi zinazokuwekea proksi ya 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe, ili mazungumzo yako yote yapite kwao. Zikiondolewa, kivinjari kinaendelea kugonga mlango usio na mtu. Zima proksi hiyo. Au Task Manager haifunguki, unaambiwa Windows hailioni faili wakati lipo: kwenye rejista, sehemu ya Image File Execution Options, kuna thamani iitwayo Debugger inayoelekeza kwenye faili lililokwisha kuondolewa. Autoruns ina kichupo kinachoitwa Image Hijacks kwa ajili ya hayo hayo. Na ukiona kompyuta inakuingiza na kukutoa hapo hapo kila ukiandika nenosiri, mara nyingi thamani ya Userinit ndiyo iliyochezewa, na hilo ni la kumpelekea fundi.

Kumbuka pia kwamba trojani ilikaa kwako kabla ya kuondolewa. Badilisha manenosiri yako, ukianza na la barua pepe, na uyabadilishie kwenye kifaa kingine.

*Fundi, natumia Thunderbird kwa barua pepe. Jana antivirusi iliripoti kwamba imetia karantini faili liitwalo Inbox. Leo sanduku langu ni tupu. Barua za miaka saba. Nimekaa tu naliangalia. — Aliyepigwa na butwaa*

Pole sana. Ulivyokaa bila kugusa kitu, umefanya jambo la busara kuliko wote mwezi huu.

Thunderbird, kwa mpangilio wake wa kawaida, huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja refu lisilo na kiambishi, liitwalo Inbox tu. Barua moja kati ya maelfu ikiwa na kiambatisho kibaya, antivirusi isiyoelewa mpangilio huo hulibeba faili zima. Ni sawa na kuichukua kabati kwa sababu ya karatasi moja.

Uliza kwanza akaunti yako ni ya aina gani. Kama ni IMAP, pumua: barua ziko kwenye seva, Thunderbird itazishusha upya. Kama ni POP, huenda nakala pekee ndiyo iliyo karantini, basi fuata kwa utulivu. Funga Thunderbird. Kata mtandao. Huenda Thunderbird imekwisha kuunda Inbox mpya tupu, au yenye barua za leo. Libadilishe jina hilo jipya, liite Inbox-leo, lisije likafunikwa. Ondoa Inbox.msf, ambalo ni faharasa tu na litaundwa upya. Iambie antivirusi isiikague folda ya wasifu wa Thunderbird kwa muda, kisha rejesha Inbox. Lilivyorudi tu, linakili kwenye diski ya nje.

Fungua Thunderbird, utafute barua mbaya. Ripoti ya antivirusi mara nyingi hutaja jina la kiambatisho. Ifute bila kukifungua kiambatisho, umwage pipa la taka, halafu bofya kulia kwenye folda uchague Compact. Hatua hii husahauliwa sana: barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili, imefichwa tu, mpaka folda ibanwe. Usipoibana, antivirusi ikirudi kazini itaikuta na kubeba kabati tena.

Kisha kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kuna kipengele cha kuruhusu antivirusi kutia karantini barua moja moja zinapoingia. Kiwashe. Na irudishe folda ile kwenye ukaguzi.

*Habari za kazi Fundi. Mimi ni mtunzi wa programu ndogo za Python, nazifunga kwa PyInstaller kuwa .exe moja na kuwapa wateja. Sasa antivirusi za wateja zinazichukua. Msimbo wangu ni safi kabisa, nimeuandika mwenyewe. Nimewaambia wazime antivirusi wakati wa kusakinisha lakini wengine wanaogopa. — Mtunzi*

Wanaoogopa ni wateja wazuri, watunze. Na uifute sentensi hiyo kwenye mwongozo wako leo hii, maana unawafundisha kumtii yeyote atakayewaambia vivyo hivyo kesho.

Msimbo wako ni safi, ila gunia ulilotumia hutumiwa pia na wahuni. Kianzishi cha PyInstaller, yaani sehemu ya .exe inayoamka kwanza, ni kile kile kwa kila mtu anayekipakua, na watengenezaji wa programu hasidi nao hukipakua. Ukifunga kwa faili moja, .exe yako ikiamka hujifungua ndani ya folda ya Temp na kuendesha kilichomo, tabia ambayo antivirusi imezoea kuiona kwa trojani. Ukiongeza ubanaji wa UPX, chombo cha kupunguza ukubwa wa faili, umekamilisha sare.

Funga kwa folda badala ya faili moja. Zima UPX. Kijenge kianzishi mwenyewe kutoka kwenye chanzo chake, ili kisifanane baiti kwa baiti na cha watu wote. Jaza jina, toleo na maelezo ya programu. Ukiweza kupata cheti cha kutia saini, tia. Kisha pima kila toleo VirusTotal kabla mteja hajalipata, na uwapelekee fomu ya kengele ya uongo wale waliolalamika. Kampuni za antivirusi karibu zote zina ukurasa wa kazi hiyo, Microsoft wakiwemo. Tuma tena kila ukitoa toleo jipya, kwani faili jipya lina alama mpya ya vidole na msamaha wa jana huenda usilifikie.

Ukurasa ulipokuwa unafungwa, mtunza hesabu aliandika tena. Mtengenezaji amemjibu: lilikuwa kosa, na sasisho la antivirusi la Jumatano limelisahihisha. Amerejesha faili moja, hesabu zimefunguka. Ila ule ukaguzi wa baada ya kusasisha ulikamata kitu kingine kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Ni ile .dll aliyoileta mpwa, na jina la tishio lake halina ml mwishoni.